Kilicholala na Kilicholazwa

Chumba chenyewe kilipakana na jiko, ukuta kwa ukuta. Moto wa jikoni ukishawashwa asubuhi, ukuta ule ulikipa joto la polepole, kama la kitanda ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Hakikuwa na dirisha, ila tundu karibu na paa. Ndani mlikuwa na vichanja vya fito, na juu ya vichanja viazi vitamu vilivyopangwa bila kubanana, vimefunikwa magunia ya katani yaliyonyunyiziwa maji.

Mwenye chumba alikiita wodi. Alianza kwa utani, majirani wakaudaka utani wakamrudishia mwenyewe: kama hii ni wodi, basi wewe ni Matroni. Jina likamganda. Hata wanunuzi waliotoka mbali waliulizia kwa Matroni wa viazi.

"Kiazi kikitoka ardhini kinatoka na majeraha," alizoea kusema. "Jembe limekikwaruza, mkono umekichubua, hata kama wewe huoni. Kilaze kwanza kipone, ngozi ikaze. Ukikipeleka ghalani na kidonda kibichi, umepeleka msiba, na msiba hauendi peke yake."

Mdogo wake alisikia maneno hayo tangu utotoni, na labda ndiyo maana hakuyasikia. Huyu alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na watu wakamwita Kitinda mpaka akaota mvi. Matroni ndiye aliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Walipokua, kazi ziligawanyika zenyewe. Kitinda alikuwa na nguvu za kulima, mkewe alikuwa na mkono wa kupanda, lakini wodi na ghala vilikuwa vya dada. Wao walichimba, yeye akapokea mlangoni kama mkunga. Ole wako utue kikapu kwa kishindo.

"Umeangusha mtoto wa nani?" angeuliza.

"Kiazi tu, Dada."

"Na wewe ulikuwa kiazi tu. Mbona sikukuangusha?"

Wanunuzi wake walikuwa wa hapo hapo: mgahawa wa njia panda, mama muuza chakula karibu na stendi, na juu ya wote, jiko la chuo cha ualimu. Mpishi mzee wa chuo alinunua kwake miaka na miaka bila kufungua mfuko. Alibonyeza kwa nje kidogo, akasema, "Vya Matroni hivi," akaita wa kubeba. Matroni hakuwa mtu wa kujisifu, lakini neno hilo alilipenda. Siku likisemwa, alirudi nyumbani akiimba puani.

Mwaka ule kifua kikambana. Alikohoa msimu mzima akisema ni vumbi, hadi asubuhi moja wakamkuta amekaa kwenye ngazi ya ghala, hawezi kupanda wala kushuka. Wakampeleka hospitali, akalazwa. Kitinda alipokwenda kumtazama alimkuta anacheka kwa nusu ya kicheko, kwa kuwa kicheko kizima kilimkata pumzi.

"Na mimi nimelazwa," alisema. "Ngozi ikikaza mtanihamishia ghalani."

Njia nzima ya kurudi Kitinda alikuwa na wazo moja tu. Dada yake akirudi, akute kila kitu kama alivyokiacha. Shamba, sawa. Ghala, sawa. Na jiko la chuo bado linanunua kwake. Hilo la tatu ndilo alilolishika kama mtoto anavyoshika pindo la nguo ya mama sokoni.

Siku chache baadaye, mpishi mzee akastaafu.

Aliyeshika nafasi yake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuita watu wengi kula. Alikuwa na kawaida nzuri ya kwenda kuona kwa macho yake chakula kinatoka wapi. Akafika, akapiga hodi, akakaribishwa, akaingia wodini akainua gunia.

"Hivi vimechimbwa lini?"

"Wiki iliyopita, mama," Kitinda akajibu. Ndivyo Matroni alivyovipanga kwa mkono wake kabla ya kulazwa.

"Wiki iliyopita! Na mpaka leo vimelala humu, gizani, na joto hili?"

"Dada yangu ndivyo anavyofanya. Huvilaza kwanza."

"Kaka yangu, sikiliza." Mpishi alifunika gunia taratibu, kama anayemfunika mtu asiyemfahamu. "Samaki aliyelala namjua. Mkate uliolala naujua. Mboga iliyolala ninainusa kabla sijafika sokoni. Kwangu mimi kilicholala hakipiti mlangoni, hata kiwe cha mama yangu mzazi. Nataka vibichi, visafi, vya kutoka shambani. Mnaweza, au nitafute kwingine?"

Kitinda alihisi masikio yanamwaka moto. Ungemuuliza saa ile kiazi kinalazwa kwa nini, asingejua pa kuanzia. Alijua tu kwamba kinalazwa, kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani. Hajawahi kuieleza, kwa sababu hajawahi kukutana na asiyeijua. Na neno la mpishi lilikuwa neno la soko zima. Nani asiyejua kwamba kilicholala ni kibaya?

"Tunaweza, mama," akasema.

Vya kwanza walivyompelekea vilipendeza. Vilichimbwa alfajiri, vikaoshwa, vikafika jikoni maji yanachuruzika, vikaliwa siku hiyo hiyo. Mpishi akatuma salamu za shukrani. Kitinda akajiona mtu mzima kuliko siku zote. Kisha mpishi akamwita chuoni.

"Tunafunga likizo," alimwambia. "Wanachuo wakirudi, nitachukua shamba lote lililobaki. Viwe vimechimbwa, vimeoshwa, vimefungwa. Nikituma gari ni kupakia tu, sitaki kusubiri mtu anatafuta jembe."

Jioni hiyo mkewe Kitinda aliacha kuchambua mboga akamtazama.

"Tumuulize wifi kwanza."

"Tumuulize nini?"

"Hivyo vya kuosha na kufunga. Sijawahi kumwona akiosha."

"Mtu anahema kwa shida, sisi tumpelekee habari za viazi?"

"Kuuliza si ujinga, baba."

"Mgonjwa hasumbuliwi," alisema Kitinda, na mkewe akarudia mboga zake, maana hata yeye alilelewa hivyo. Mgonjwa anapelekewa supu, nguo safi na salamu za majirani. Habari zenye miiba huachwa nje ya geti la hospitali, pamoja na baiskeli.

Basi wakachimba shamba zima. Vile vya zamani vya wodini walivihamishia kapuni, nyuma ya mlango wa stoo ya jikoni, viwe vya kula nyumbani, kwa kuwa vilikuwa vimelala. Vipya wakavisugua ndani ya pipa la maji hadi vikang'aa wekundu kama watoto waliotoka kuogeshwa. Wakavijaza kwenye viroba vya plastiki, wakakaza midomo ya viroba kwa kamba panya asiingie, wakavipandanisha ghalani mpaka karibu na dari. Kitinda alisimama mlangoni akatazama, mikono kiunoni.

"Dada akiviona hivi!" alisema.

"Akiba haiozi," mkewe akaitikia, na wakacheka kwa uchovu.

Hospitali, kitanda cha Matroni kilikuwa cha mwisho, pembeni ya bibi kizee aliyekoroma mchana kutwa. Kitinda alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamnywesha supu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, Dada."

"Viazi?"

"Viko salama. Wewe pumzika."

"Nimepumzika mpaka mbavu zinaniuma. Huyu jirani yangu anapumzika kwa niaba ya wodi nzima. Nipe habari, baba. Mmechimba?"

"Mvua imeanza kule juu," alisema Kitinda. "Na paa la jirani limeezuliwa kidogo."

Matroni alimtazama. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa yamebaki makubwa peke yake usoni.

"Sikukuuliza paa la jirani."

"Dada, daktari amesema usijichoshe."

"Kusikia kunachosha?"

Kitinda alimpangusa mdomo kwa leso. Matroni naye akaliacha swali hilo, akageuza maneno.

"Basi mwambie mpishi wangu, yule mzee, kwamba vya njano mwaka huu ni vitamu kupita vya mwaka jana. Mwambie avichemshe na maganda. Usisahau."

"Nitamwambia," alisema Kitinda, wakati mpishi mzee alikuwa kwao, mbali, anafuga kuku.

Angeweza kumwambia. Saa ile hasa, kijiko kikiwa mkononi, dada akiwa na akili zake zote na hamu yote ya kuulizwa kitu. Neno moja lingetosha: wametuletea mpishi mwingine, anataka vioshwe. Angekaa wima kitandani. Angemkemea kwa sauti ile isiyo na pumzi, na pengine kumkemea kungemsaidia kuliko supu. Kitinda ameirudia saa ile mara nyingi tangu hapo. Kila akiirudia, anajikuta anafanya vile vile: anapangusa mdomo, anainua bakuli, anasema pumzika.

Baadaye daktari alisema mgonjwa akauguzwe nyumbani. Aliisema bila kumtazama mtu, na watu wazima waliokuwepo wakaelewa. Matroni akaletwa, akatandikiwa chumba cha mbele penye hewa. Alilala jioni moja, akaamka, akanusa.

"Kuna kitu kinaoza."

"Labda panya, Dada," alisema Kitinda. Yeye mwenyewe harufu ile ilimfikia siku mbili tatu nyuma, akajiambia ni panya, akajitahidi kuamini.

"Panya hanuki pombe."

Akaomba fimbo. Wifi yake akamwambia alale, atapelekewa habari. Matroni akamwambia kwa upole kwamba habari za kupelekewa ameshazijua zilivyo, akainuka. Akashika ukuta, akashika mlango, akashika bega la mdogo wake, akafika ghalani.

Inzi ndio waliowapokea. Viroba vya chini vilikuwa vimelowa, na maji yenye povu yalitambaa sakafuni hadi kizingitini. Kitinda alifungua kiroba cha juu, kile kilichoonekana kizima, akaingiza mkono. Ulizama. Vile vilivyong'aa vilikuwa vimegeuka ute ndani ya maganda yao, na ukungu mweupe umevifunga pamoja. Akafungua kingine. Akafungua kingine. Mkewe alikuwa ameziba uso kwa khanga.

Matroni aliketi kwenye ngazi.

"Nani aliviosha?"

"Mimi, Dada."

"Na kufunga midomo hivi, kama mnafunga mwizi?"

"Mimi."

"Mmevilaza wapi? Wodi nimeipita iko tupu."

Hapo ndipo Kitinda alipomwambia yote: mpishi mzee kustaafu, mpishi mpya kuja, gunia kuinuliwa, neno la kilicholala, likizo ya chuo. Alisema haraka haraka akitazama chini, na kadiri alivyosema ndivyo alivyoona jinsi maneno yenyewe yalivyokuwa machache. Yangeenea kwenye pumzi moja ya mgonjwa.

Matroni alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa hospitali," alisema, "au nilikuwa mwezini?"

"Hatukutaka kukusumbua."

"Waliosema akiba haiozi hawajaona kiazi kilichooshwa." Alijaribu kucheka, akakohoa, wifi yake akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita. Kisha akasema polepole, akipumua kati ya neno na neno. "Mngemwambia hivi huyo mama. Kilicholala kimesahauliwa. Kilicholazwa kuna anayekiangalia. Samaki hapotezi kitu ukimharakisha, kiazi kinapoteza maisha. Hayo tu. Mpishi ni mtu wa akili, angeelewa."

"Tusamehe, Dada."

"Sina kesi na nyinyi." Akatazama viroba vyote, kutoka sakafuni hadi juu. "Kumbe mmeshanizika, huku mnaninywesha supu."

Hakuisema kwa hasira. Angeisema kwa hasira, Kitinda angepata mahali pa kuishika.

Walishinda kutwa nzima wakihamisha uozo ule kwa toroli hadi shimoni. Kitinda akaoga, harufu isitoke, akaenda chuoni hivyo hivyo. Alimkuta mpishi mkuu anakagua sufuria. Akamwambia ukweli, kwamba vyote vimeoza, hakuna kitakachopakiwa. Mpishi alifunika sufuria, akasema, si kwa ubaya, kwamba yeye ana watu wa kulisha na huruma haiivi sufuriani. Angenunua kwa mwingine. Kitinda akasema anaelewa.

Nyumbani, mkewe alikuwa amechemsha viazi vya kapu lile la nyuma ya mlango, kwa kuwa ndivyo pekee vilivyobaki. Kitinda alichukua kimoja bila hamu. Ganda lilikuwa limekaza. Alikivunja, kikafunguka kikavu na cha njano, utamu wake unakaa mdomoni hata baada ya kumeza. Vilikuwa vile vile ambavyo mpishi alivifunika na kuvikataa. Katika kapu zima hakikuoza hata kimoja.

Kesho yake akavichemsha vingine na maganda, akavifunga kwenye kitambaa vikiwa vya moto, akarudi chuoni karibu akikimbia.

"Onja tu, mama. Usininunulie kitu."

Mpishi alionja kwa ncha ya jino, kwa heshima, kama mtu anayeonja chakula cha mfiwa. Kisha akamega kipande kikubwa.

"Hivi vya wapi?"

"Ni vile ulivyovikuta vimelala."

"Acha utani."

"Havikulala, mama. Vililazwa." Na akamweleza, kwa maneno ya dada yake, moja baada ya jingine: majeraha, joto, ngozi kukaza, kilichosahauliwa na kinachoangaliwa. Mpishi alimaliza kiazi, akafuta vidole kwenye aproni, akacheka kwa sauti ile ya kuita watu kula.

"Mbona hukuniambia hivi siku ile? Mimi nilidhani mna uvivu wa kuchimba! Sasa sikiliza, kaka. Msimu ujao mlaze mnavyojua, mimi nitasubiri. Na nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Dada yangu."

"Basi mwambie jiko ni lake."

Jiko ni lake! Kitinda alilibeba neno hilo njia nzima kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Alimkuta Matroni ameketi kitandani, mto mgongoni, uso dirishani. Akapiga magoti karibu naye akamweleza kila kitu, jinsi mpishi alivyoonja kwa wasiwasi, alivyomega, alivyocheka. Akamwigiza na sauti. Mkewe aliyesimama mlangoni alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya ghala.

"Amesema jiko ni lako, Dada."

"Vizuri," alisema Matroni.

Kitinda alisubiri. Alidhani kuna kitu kinafuata, swali, kejeli, hata kuguna.

"Ningepata maji ya kunywa," alisema dada yake.

Tangu hapo alikuwa mgonjwa mwema kabisa. Alikunywa alichopewa. Aligeuzwa akageuka. Majirani wakija aliwauliza watoto wao, akawashukuru kwa kuja. Habari za viazi hakuziulizia tena. Sasa Kitinda ndiye aliyemletea kila kitu: amekarabati vichanja, vipi, fito zisogee zaidi? Magunia ya katani yamechoka, anunue mengine au yatafaa? Alimwuliza hata yale aliyoyajua, akisubiri walau aitwe mjinga. Matroni alimsikiliza kwa macho ya upole.

"Mtaona wenyewe," alisema.

Mara moja tu mkewe Kitinda alimwuliza kwa nini hataki kuwaelekeza, wakati wao wanataka. Matroni alifikiri sana kabla ya kujibu.

"Si kwamba sitaki, wifi. Nilivitoa kichwani siku ile. Kuvirudisha kunahitaji nguvu, na nilizonazo nazitumia kuhema."

Mvua zilipokaza, Kitinda alikata marando ya viazi ya kupanda, akayafunga mafungu na kuyaweka kivulini, barazani. Kulikuwa na mashamba mawili yaliyo tayari: la juu, lenye udongo wa kichanga, na la bondeni, lenye rutuba lakini linalotuama maji. Miaka yote dada ndiye aliyeamua, kwa kulitazama wingu na kusaga udongo kati ya vidole. Kitinda alichota udongo wa huku na wa kule, akauleta ndani kwenye visahani, akaviweka juu ya shuka karibu na mkono wake.

"Nipande wapi, Dada? Juu au bondeni?"

Vidole vya Matroni vilisogea vikagusa kisahani kimoja, kisha kingine. Kitinda aliinama asikie.

"Fanya unavyoona, baba," alisema.

Akaenda akapanda juu. Marando yalikuwa hayajafunika matuta walipomzika. Mwaka ule mavuno yalitosha, si mengi wala si haba; viazi vilichimbwa, vikalazwa, vikapona, vikaenda chuoni, na mpishi mkuu akavisifu. Labda bondeni yangekuwa mengi zaidi. Labda yangezama yote. Kitinda humwuliza mkewe anaonaje, na mkewe husema hajui. Wote wawili hukaa barazani wakitazama lile shamba la bondeni ambalo hawakulipanda, maji yakiwa yametuama humo, bila mtu wa kuwaambia kama walikosea.